Wachina wa kale walibishana, tusiwape sauti moja

Mhariri,

Tangu ujenzi wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma uwalete wahandisi wa Kichina jirani na sisi, fikra za Kichina zinazungumzwa sana magazetini na barazani, na karibu kila anayezigusia humtaja mwanafalsafa wa kale Confucius peke yake, kisha huhitimisha kwamba Wachina ni watu wa kutii wakubwa tu. Naomba nafasi nilipinge hitimisho hilo.

Ni kweli kwamba Confucius (551–479 kabla ya Kristo), mzaliwa wa dola la Lu, alisisitiza utu, adabu na heshima kwa wazazi. Lakini karne zilizofuata, madola ya China yakipigana bila kukoma, zilijaa mabishano makali. Hata waliomfuata hawakuafikiana: Mengzi alishikilia kwamba binadamu huzaliwa na chembe ya wema, naye Xunzi akasema maumbile yake ni mabaya na elimu ndiyo inayomnyoosha. Wafuasi wa Dao, yaani “Njia” ya maumbile, waliona wingi wa sheria na taratibu ndio unaowaharibu watu.

Kwa maoni yangu, anayestahili zaidi kusomwa hapa kwetu ni Mozi, mwanafikra mwingine wa karne hizo. Alifundisha upendo usiobagua, yaani mtu ajali jamaa za wengine kama anavyojali zake, na akakemea mazishi ya gharama na maombolezo ya miaka mitatu yaliyowaacha walio hai katika ufukara. Sisi tulioona familia zikikopa ili kuwalisha waombolezaji matangani hatuhitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Kitabu chenye jina lake kinasimulia kwamba aliposikia dola la Chu limeundiwa ngazi za kuuvamia mji wa dola la Song, alitembea siku kumi, usiku na mchana, akavua mkanda wake na kuuweka uwe ukuta wa mji, akamtaka Gongshu Ban, fundi aliyeziunda ngazi hizo, ashambulie kwa mfano. Fundi alibuni mashambulizi tisa, yote yakazuiwa, na mfalme wa Chu alipoambiwa kwamba wanafunzi 300 wa Mozi walikuwa tayari juu ya ukuta wa Song na zana zao, akaiacha vita.

Hatima ya mabishano hayo iliamuliwa na watawala. Qin, dola iliyojengwa juu ya sheria kali na adhabu, iliiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, ikachoma vitabu mwaka 213, na haikudumu. Ni chini ya mfalme Wudi wa Han, ukoo uliotawala baada ya Qin, zaidi ya miaka 300 baada ya Confucius kufariki, ndipo mafundisho yake yalipofanywa msingi wa elimu ya maofisa wa serikali, huku mkondo wa Mozi ukififia. Utii tunaouita tabia ya Wachina ulipaliliwa na dola kwa manufaa yake.

Naomba safu yako ya makala iwatendee haki wanafikra hawa wote, na ianze na Mozi.

Msomaji wako,
Tabora