Usiniambie Usiwaze

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 6 Julai 2025

Shoga yangu Zuhura,

Salaam sana. Huku hatujambo. Mama anazidi kupata nafuu, sasa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto bila kumwaga chai.

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa naosha vyombo, nikaacha sufuria na povu lake nikakaa chini. Ningekupigia, lakini nakujua: shemeji akiwa karibu utasema "mimi mzima", nami nitajifanya nimeamini. Bora niandike.

Unasema tangu walipokataa kukuongezea mkataba, ikifika saa nane usiku macho kodo. Ada za watoto, kodi ya nyumba, mkopo wa kikoba, vyote vinapanga foleni kichwani. "Nina mawazo," ukasema, halafu ukacheka. Kicheko chako hicho sikukipenda. Na hilo neno limenikaa. Mtu akisema ana homa, ataulizwa imeanza lini, atatafutiwa dawa. Akisema ana mawazo, jibu analo kila mtu mdomoni: usiwaze. Ni sawa na kumwambia mwenye homa asipate joto.

Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo mpaka nikachoka. Mama alipopata kiharusi, mwezi wa kwanza wote sikulala usiku mzima hata mara moja. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alinishika bega: "Usiwaze, mwachie Mungu." Namwachia, naitikia amin, naingia kitandani nikiwa nimeapa siwazi kitu. Usiku mmoja nikajikuta nimekaa jikoni saa tisa, nachambua mchele kwa mwanga wa simu. Kilo tano, mchele wenyewe wa gredi ya kwanza, hauna hata jiwe. Nikaumaliza, nikaumimina tena kwenye ungo nikaanza upya.

Kumbe kuna watu walishalipima jambo hili. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu waseme kila linalowapitia akilini kwa dakika tano, isipokuwa wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wagonge kengele. Kengele ziligongwa kweli kweli. Halafu waliporuhusiwa kumfikiria, alikuja kwa wingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Basi ada ya shule ndiyo dubu wako, shoga. Kila ukijiambia "nisiifikirie", lazima kwanza uitaje ili ujue unachokikataa.

Aliyenitoa kwenye ungo ni dada mmoja aliyekuwa akija kumfanyisha mama mazoezi ya viungo. Aliniona macho mekundu, akaniambia: "Usiyafukuze hayo mawazo. Yape saa." Nilidhani ananitania. Baadaye ndiyo nikajua ni njia inayojulikana. Thomas Borkovec na wenzake waliiandika mwaka 1983 kule Marekani, na mpaka leo inatumika. Unachagua nusu saa, muda ule ule kila siku, mahali pale pale, ambapo kazi yako ni kuwaza tu. Pasiwe kitandani, wala muda usiwe karibu na kulala. Wazo likija nje ya saa yake, huligombezi, unaliahirisha.

Yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, nyuma ya jiko, kwenye kile kigoda cha mbuzi kilichokatika meno. Nilikuwa na kauntabuku. Usiku wazo likinigusa, nalijibu kama ninavyomjibu anayenidai: "Nimekusikia, njoo kesho saa kumi na moja." Nalichora neno moja kwenye karatasi, narudi kulala.

Usidhani ilikuwa miujiza. Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya. Siku moja nililia nusu saa yote sikuandika hata herufi, siku nyingine mwanangu akaja na hesabu za sehemu, tukazigombania mpaka magharibi. Wiki ya pili ndiyo nikaona kitu. Saa kumi na moja ikifika, nafungua daftari, nusu ya wadai hawajatokea! "Daktari alinuna leo asubuhi, kuna kitu ananificha." Hilo saa nane usiku lilikuwa limenikaba koo, jioni nalisoma naona aibu, mtu wa watu alikuwa na njaa tu.

Yaliyobaki niliyaandika pande mbili. Upande mmoja yale ninayoweza kuyagusa kesho: kumwomba mwalimu mkuu nilipe ada kwa awamu, kuuliza bei ya dawa ile ile duka lingine. Upande wa pili yale yasiyo na pa kushika: je, mama atatembea tena? Hilo niliwaza tu, nikalia, saa ikaisha, nikafunga daftari nikaenda kuinjika wali. Wewe nadhani deni la kikoba liko upande wa kwanza. Kamwone mwekahazina kabla hajakuita yeye kikaoni.

Kaka yangu aliponikuta na daftari akasema ni mambo ya kizungu. Nikamuuliza, eda ni ya kizungu? Mjane anapewa miezi minne na siku kumi, nyumba inajua, mtaa unajua. Sisemi eda iliwekwa kwa ajili hiyo peke yake, masheikh wanisamehe, ila mwenye huzuni kupewa muda wake si ugeni kwetu. Kaka akanyamaza. Si kawaida yake.

Lakini daftari peke yake halitoshi, na hapo ndipo ninapokugombeza. Umekaa na jambo hili tangu Aprili bila kumwambia mtu! Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na wao wanaliona kama jambo linaloweza kumletea mtu ugonjwa. Daktari wa akili mmoja huko, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare. Aliwafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Mwanzo alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hatakaa mtu hapo. Likaitwa benchi la urafiki, watu wakaja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, kutoka kliniki 24: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa kama 14 kati ya kila 100 waliokaa benchi, na 50 kati ya kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Bibi tu, Zuhura. Wewe huna jirani mmoja mwenye umri na kifua cha kutunza siri? Yule mama wa vitumbua uliyenisimulia, kwa mfano.

Ila kama chakula hakipandi, huoni hamu ya lolote, na hali hiyo imeshapita wiki mbili, nenda hospitali ya mkoa ukaseme hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Watakaokutania kwa kukutajia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, waache wacheke. Na likikujia wazo kwamba wanao wangekuwa heri bila wewe, hilo usiliahirishe mpaka saa kumi na moja. Nipigie saa hiyo hiyo, hata iwe saa tisa usiku, halafu mwamshe shemeji. Nimelala na simu chini ya mto.

Nimekufungia kikapu cha machungwa ya Muheza, kitakufikia stendi ya Nyegezi Jumatano asubuhi. Namba ya kondakta nakutumia kwenye simu. Usiwaachie watoto wakifungue wao. Chini kabisa, nimezungushia kipande cha khanga, kuna kauntabuku mpya na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza nimeshakuandikia saa, ila dakika nimekuachia uchague mwenyewe.

Msalimie shemeji na wanao.

Wako,
Mwanaidi