Kamera juu ya kenchi: barua kwa mwanangu

Kondoa,
Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na shikamoo yako marahaba. Huku hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini hayajamzuia kugombana na kuku wa jirani. Nimeona nikuandikie kabisa, maana uliyoniuliza siyo ya kujibiwa kwa sauti ya WhatsApp huku napepeta mchele.

Kamera nakupa, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Unataka kuifunga kwenye kenchi za ukumbi, zile fremu za chuma zinazobeba paa, iangalie chini, halafu watoto wa jimnastiki wakianza onyesho lao wewe ubaki sakafuni na rimoti mkononi. Ni kazi nzuri, na hapo Dodoma inawezekana kwa vifaa vya kawaida. Ila umeandika kwamba unataka ining'inie juu ya magodoro ya kurukia ili picha zionyeshe "wanavyopaa", na hapo ndipo nataka tuelewane kabla hujapanda ngazi.

Kutoka juu, kupaa hakuonekani.

Mtoto akiwa hewani mita nzima, lenzi ikimtazama utosini, anaonekana sawasawa na mtoto aliyelala kwenye godoro. Anayeona kwamba kuna hewa chini yake ni yule aliyekaa kwenye benchi pembeni, kwa sababu yeye ndiye anayeliona pengo kati ya miguu na sakafu. Mzazi ukimpa picha hiyo atakuuliza, mbona mwanangu kalala? Na yule anayesimama kwa mikono, kazi iliyomgharimu miezi ya kuanguka, kutoka juu utampata nyayo mbili na vidole kumi vya mkono. Hiyo mpige ukiwa umechuchumaa sakafuni na kamera yako nyingine.

Juu kunaonekana umbo. Umekua ukiona halaiki kwenye sherehe za kitaifa: mtoto aliye katikati haoni kitu ila mgongo wa mwenzake, na aliye juu jukwaani ndiye anayeona mchoro mzima. Kwa hiyo tafuta yaliyotanuka. Anayepiga msamba. Wanaojipanga duara vichwa ndani, miguu nje. Na yule anayebinuka kinyumenyume, kwa sababu kuna sehemu ndogo ya mbinuko ule ambapo kichwa kimelala nyuma na macho yanatazama darini, yaani yanakutazama wewe. Kutoka pembeni uso huo huupati, utapata kidevu na matundu ya pua. Mimi hiyo ndiyo naipenda kuliko zote.

Babu yako alikuwa na ukurasa wa gazeti wenye picha ya Muhammad Ali, ameubandika ukutani kwa ugali. Tarehe 14 Novemba 1966, Ali alipopigana na Cleveland Williams kule Houston, mpigapicha Neil Leifer alifunga kamera juu ya ulingo, futi 80, kama mita 24, yeye mwenyewe akakaa chini kando ya kamba. Raundi ya 3 Williams akalala chali, Leifer akabonyeza. Ulingo umejaa fremu kama karatasi, mmoja kalala mikono imetawanyika, mwingine anaondoka mikono juu. Itazame uone kwa nini inasimama: aliyeibeba ni mtu aliyelala. Hapakuwa na kimo cha kupotea. (Huyo huyo Ali ndiye aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter atuombe tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea, timu ikaenda, Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha. Babu yako hakuibandua picha hata hivyo.)

Sasa ushauri wangu: usiifunge juu ya magodoro. Ifunge kwenye kenchi iliyo juu ya boriti, ule ubao mwembamba ambao watoto wanatembea juu yake kwa mizani.

Boriti ya mashindano ni ya mita 5 kwa urefu, upana wake sentimita 10, na inasimama mita 1.25 kutoka chini. Hiyo yenu aliyochonga seremala najua ni fupi kwenda juu, lakini upana ni ule ule, na upana ndio mchezo wenyewe. Mtoto pale kazi yake kubwa ni kuuweka mguu ndani ya sentimita 10, na hilo aliyekaa pembeni halioni, anaona mtoto anatembea. Kutoka juu unauona mstari mmoja mwembamba unaokata fremu, kisigino kimeanza kutokeza nje, mikono imefunguka kutafuta mizani, vidole vya mguu vimeng'ang'ania mbao. Halafu boriti haihami. Unajua tangu asubuhi mtoto atakuwa wapi, na unajua pia kwamba chini ya kamera yako atakuwapo mmoja kwa zamu, siyo kundi zima linakimbizana.

Hesabu yake ni nyepesi. Umesema kenchi ziko kama mita 10. Kamera ile ina kihisi cha milimita 36 kwa 24, na lenzi ya milimita 50 kwenye mita 10 inakupa sakafu ya mita 7.2 kwa 4.8. Boriti inaingia yote na nafasi inabaki. Kama ungetaka zulia zima la mashindano, mita 12 kwa 12, ungehitaji lenzi ya milimita 20, na watoto wangekuwa sisimizi. Usiniombe ile lenzi ya kuvuta. Ikitazama chini, uzito wake wenyewe unaifungua taratibu, unashuka ngazi umeiacha 50, unakuja kuikuta 70. Ile ya 50 isiyovuta inatosha, na kwenye f/4, yaani tundu la lenzi ukiwa umelibana kiasi, kila kitu kuanzia utosi wa mtoto hadi sakafuni kitakuwa kikali. Lenga ukiwa juu, zima fokasi ya otomatiki, kisha zungushia pete ya fokasi tepu nyeusi isicheze. Vumbi la Dodoma lisikutie hofu, lenzi inayotazama chini haikusanyi vumbi. Popo waliomo kwenye paa ndio wa kuwaangalia, na nadhani unajua kwa nini.

Kufunga sasa. Hapa nisome mara mbili.

Kamera na lenzi na klampu ni kilo mbili hivi. Kitu kikianguka kutoka mita 10 kinafika chini na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule ule ambao trafiki wa tochi anakuruhusu ukipita kijijini. Chini pana kichwa cha mtoto wa mtu. Kwa hiyo funga kwenye kenchi, usifunge kwenye papi. Papi imewekwa kubeba bati, haikuwekwa kubeba mzigo wako. Kwanza mtafute fundi aliyechomelea paa lile au anayelitunza, akuonyeshe mahali ambapo chuma kimekutana na chuma na ulehemu ni mzima, na uugonge kwa mkono wako. Klampu ishike kenchi. Halafu waya wa chuma uzunguke kenchi na kupita kwenye mwili wa kamera, na waya mwingine ushike lenzi. Waya usiuache mrefu, maana ukiwa mrefu kitu kinapata nafasi ya kuchukua mwendo kabla ya kunaswa. Klampu ndiyo inayoshika, waya upo kwa siku ile klampu itakapoachia, na ufunge kana kwamba siku yenyewe ni leo.

Wakati uko juu, ukumbini asiwepo mtoto hata mmoja, hata yule anayejifanya kukushikia ngazi. Toa mfukoni simu, funguo na sarafu. Spana ifungwe kwa kamba kwenye kiganja chako. Panda asubuhi; ikifika saa 6 mchana chini ya bati huwezi kukaa, na chuma utakishika kwa kanga. Mwalimu akikuambia hakuna haja ya yote hayo kwa sababu ni onyesho la shule tu, mwambie mama amekataa. Mimi kulaumiwa nimezoea.

Kuna watakaokushauri droni. Ndani ya ukumbi, juu ya vichwa vya watoto, mapanga yanazunguka? Hapana. Na nje nako inataka kibali.

Rimoti ni jambo la kujaribu mapema. Nyingi za kwetu ziko kwenye mawimbi ya megahezi 433, na huko ndiko ziliko rimoti za magari na mageti. Zile za gigahezi 2.4 zinagombania njia na Wi-Fi. Ukumbi ukiwa mtupu itaitika vizuri. Ukijaa watu na simu zao inaweza kusitasita. Kwa hiyo chagua chaneli, ijaribu siku ya mazoezi watu wakiwemo, na simama mahali ambapo unaiona kamera, usijifiche nyuma ya nguzo. Zima ule mpangilio wa kamera kujilaza usingizi, la sivyo utabonyeza picha ya kwanza itumike kuiamsha tu. Betri ijae, kadi iwe tupu na kubwa. Ukishaondoa ngazi huwezi tena kusema ngoja kidogo.

Flashi hapana. Kwenye mashindano ya kimataifa imekatazwa, na hata kama isingekatazwa: mtoto anayebinuka anatafuta sakafu kwa macho, wewe unampofua. Tumia mwanga uliopo, shata ifunguke kwa 1/1000 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande inavyotaka, punje ndogondogo hazijawahi kuua picha. Shida yako itakuwa zile taa ndefu za ukumbini. Umeme wetu ni hezi 50, taa za namna ile zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata inaona. Picha moja itatoka nyeupe, inayofuata ya njano na gizagiza. Kamera yangu ni ya zamani, haina dawa ya hilo. Kwa hiyo waombe onyesho lianze saa 10 alasiri, jua likiwa linaingia kwa madirisha ya magharibi, na taa zizimwe. Mwanga wa ubavuni unakupa faida nyingine: kivuli. Mtoto akiruka kutoka kwenye boriti, kivuli chake kinaachana naye na kukimbilia pembeni, na kadiri anavyokwenda juu ndivyo kinavyokuwa mbali. Kama kweli unataka kuonyesha kupaa kutoka darini, njia ninayoijua mimi ni hiyo. Taa za juu zinakificha kivuli chini ya tumbo.

Halafu ujue kwamba wewe hutaona chochote kwenye kioo. Tangu Olimpiki ya London 2012 mashirika makubwa ya picha yanafunga darini kamera za roboti, mtu anakaa kwenye kompyuta anaigeuza na kuivuta atakavyo. Yako itaangalia pale pale ulipoiacha. Kwa hiyo nenda kwenye mazoezi, kaa bila kamera, jifunze zamu za watoto: nani anaanza mguu gani, nani hugeukia wapi, yupi husita kabla ya kubinuka. Mwanadamu akiona kitu huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde kubonyeza. Mtoto anayeruka nusu mita anafika kileleni kwa sehemu tatu tu za kumi. Ukimsubiri aondoke ndipo ubonyeze, umebakiwa na ukingo mwembamba sana. Bonyeza anapokunja magoti na uiache kamera ipige mfululizo hadi atue. Ukimjua mtoto, kidole kitaanza chenyewe.

Na wazazi wao waulizwe kabla, siyo baada. Waeleze kamera iko wapi na inaona nini, hasa wazazi wa mabinti. Baadhi watataka kuziona picha kabla hazijaenda popote, waonyeshe. Anayekataa, mwanawe akipanda boriti wewe weka rimoti mfukoni.

Kifurushi kinaondoka kesho na basi la asubuhi, nimemkabidhi konda yule mrefu anayekufahamu. Ndani kuna kamera, lenzi ya 50, klampu, nyaya mbili za chuma na rimoti zote mbili. Moja ina mfuniko wa betri uliolegea, ifunge kwa raba. Kuna na karanga za bibi yako chini kabisa, zimezungushiwa gazeti, usizimwage kwenye kamera. Konda nimeshamlipa, asikudanganye. Ukishapokea nipigie, halafu nitumie picha ya hizo kenchi kabla hujamwita fundi, nataka kuziona mwenyewe.

Mama yako