Kwa nini tunakataa kupogolea mikorosho mwezi Julai

Kila mwaka simu huanza kuita mfululizo kuanzia mwishoni mwa Juni. Mkulima wa Tandahimba au Newala ameingia shambani kufyeka, ameinua macho, amekuta mikorosho imeshikana matawi na chini ni giza. "Fundi, kesho njoo na msumeno." Nasi tunamjibu asubiri mpaka amalize kuokota korosho za msimu. Wapo wanaosema tunaringa.

Sababu iko kwenye ncha ya tawi. Maua ya mkorosho hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, upande unaopigwa na jua. Machipukizi hayo hujitokeza mvua zinapokwisha, na Julai mengi yameshaanza kuchanua. Ukipitisha msumeno wakati huo, umekata korosho za Oktoba zikiwa bado maua. Mti nao utajibu kwa majani mateke, na jani teke katika asubuhi za baridi na umande ndilo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unalolipenda. Utamlipa fundi, kisha uongeze salfa, dawa ya ugonjwa huo.

Ukikata Januari au Februari, korosho za mwisho zikishaokotwa, mvua ipo na mti una miezi kadhaa ya kujijenga kabla ya maua.

Mzee mmoja wa Masasi, aliyewahi kuchuma chai Mufindi, alitubishia sana. Kule, alisema, chai hukatwa wakati wa baridi na inachipua vizuri tu. Ni kweli kabisa. Lakini kwenye chai kinachovunwa ni jani lenyewe, na kila baada ya miaka michache mmea hukatwa ili utoe majani mapya mvua zikirudi. Sisi tunasubiri ua. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwaka huu ametuita Januari.

Kuna kazi moja tunayoifanya Mei hadi mwanzoni mwa Juni: kuondoa maotea, yale machipukizi ya kwenye shina na ndani ya kivuli. Hayazai, na ubwiriunga hujificha humo ukisubiri maua. Ni kazi ya panga, haihitaji msumeno.

Tawi nene tunalitia msumeno kwa chini kwanza, ndipo tunalimalizia juu, lisije likachana gome la shina. Kigutu hatuachi, maana kikioza huwa mlango wa wadudu. Kuni ni zako, usituulize. Shamba lililotelekezwa miaka mingi tunaligawa misimu miwili. Na kama miti ilipandwa karibu mno, pungufu sana ya mita 12 kwa 12, tutakwambia wazi kuwa baadhi ing'olewe. Kupogolea peke yake hakutasaidia.

Bei tunakadiria kwa mti baada ya kuliona shamba, kwa sababu ekari mbili zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Majina ya Januari tunaanza kuyaandika Novemba, minada ya korosho ikiendelea. Anayesubiri malipo ya AMCOS, chama cha ushirika kinachouza korosho zake, aandikishe jina tu, fedha italetwa siku ya kazi.