Kabla ya Kuziba Bwawa Linalovuja

Kila mwaka kati ya Februari na Aprili, mabwawa ya mashamba yaliyo pembezoni mwa Lubumbashi yanapokuwa yamejaa, tunapokea ombi lilelile: njooni mzibe, ukuta unatoa maji. Wengi wanaotuita wamerithi au wamenunua shamba lenye bwawa la samaki au la kumwagilia mboga, ambalo tuta lake lilijengwa zamani, na hakuna mchoro uliobaki wala mtu anayekumbuka udongo wake ulichimbwa wapi. Makala haya yanawaeleza wateja wetu kwa nini, mara nyingi, jambo tunalolipendekeza kwanza si kuziba.

Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo. Swali la kuuliza ni maji yanatoka yakiwa yamebeba nini. Yakitoka meupe, kwa kiasi kisichobadilika wakati bwawa liko kwenye kimo kilekile, mwenye shamba anaweza kuyavumilia hadi kiangazi. Yakitoka na tope, yanalichukua tuta lenyewe chembe kwa chembe, kuanzia pale yanapotokea na kurudi nyuma kuelekea bwawani, mpaka njia nyembamba igeuke kuwa tundu. Bwawa la Teton nchini Marekani, lililokuwa jipya na lenye kimo cha mita zipatazo 93, lilionekana likitoa maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Watu 11 walifariki. Tuta la shamba ni dogo sana kulinganisha na lile, lakini udongo humomonyoka kwa namna ileile.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni la mtu aliyeona maji upande mkavu akapiga simenti au kushindilia udongo wa mfinyanzi papo hapo yanapotokea. Kwa siku chache panakauka, naye anafurahi. Maji yaliyozuiwa kutoka hubaki ndani ya tuta, hupanda, hulilowesha, kisha upande huo huporomoka au hupasuka mahali pengine. Tunachofanya sisi ni kuyaachia maji njia na kuunyima udongo njia. Tunatandaza mchanga safi wa kujengea kwenye mguu wa tuta, juu yake kokoto, kisha tunaongeza uzito wa mawe au udongo ili mguu usisukumwe. Mchanga lazima ulingane na udongo wa tuta: ukiwa na chembe kubwa mno, tope litapita katikati yake, ukiwa na vumbi jingi, hautapitisha maji. Changarawe nyekundu ya barabarani, ambayo wateja hutuonyesha kwa kuwa imekwisha kununuliwa, haifai kwa kazi hii. Ni lazima tukiri kwamba kichujio hiki cha mchanga na kokoto hakirudishi maji yanayopotea, na mwenye samaki wachache katika bwawa linaloshuka kila siku ana haki ya kulalamika.

Kwa mteja wa namna hiyo, dawa iko upande wa maji. Hapa tuna bahati ya vichuguu: udongo wake una mfinyanzi mwingi, na mafundi wa matofali wanalijua hilo vizuri. Ukipondwa kabisa ili mashimo ya mchwa yasibaki, ukaloweshwa hadi ushikane mkononi, kisha ukashindiliwa kwa mashine katika matabaka ya sentimita 15 hivi, hufanya blanketi zuri, yaani tabaka la kuzuia maji linalotandazwa upande wa bwawani. Kwa maji yasiyozidi kina cha mita 3 hatukubali unene wa chini ya sentimita 30. Adui yake ni kiangazi chetu cha miezi mitano au sita. Bwawa likishuka, blanketi lililobaki juani hupasuka, kwa hiyo tunalifunika kwa changarawe. Bentoniti, udongo wa viwandani unaovimba ukilowa, huchanganywa na udongo wa juu kwa kilo 5 hadi 15 kwa mita moja ya mraba, na gharama ya kuisafirisha mpaka huku ndiyo huamua. Kuimwaga tu juu ya maji bwawa likiwa limejaa ni kubahatisha. Karatasi nene ya plastiki huzuia maji kuliko vyote, ila kwato moja ya ng'ombe inatosha kuitoboa.

Kudunga simenti ndani ya tuta kwa shinikizo hatukufanyi, kwa sababu shinikizo likizidi hulipasua tuta la udongo kutoka ndani. Mtaro unaochimbwa kufuata mstari wa katikati wa tuta na kujazwa mfinyanzi ni mzuri kwa tuta fupi, maji yakiwa yamepunguzwa na pasiwepo mtu anayeingia mtaroni. Mabwawa ya taka za migodi hatuyagusi. Yanahitaji wahandisi wake.

Kabla ya kuchagua lolote, tunaangalia tuyo, yaani bomba linalopitisha maji ndani ya tuta. Katika matuta ya zamani, bomba la chuma lililooza ndani ya udongo mara nyingi ndilo mlango, na blanketi la gharama kubwa halitasaidia kitu ikiwa maji yanafuata bomba hilo. Tunaingiza bomba la plastiki ndani ya lile la chuma, tunajaza nafasi iliyobaki kwa uji wa simenti, na kulizungushia kichujio cha mchanga upande mkavu. Mikaratusi iliyoota juu ya tuta nayo tunaikagua, maana mzizi uliokufa huacha tundu kama bomba.

Kazi zenyewe tunazifanya kuanzia Mei, na maji hupunguzwa polepole, yasizidi sentimita 30 kwa siku, kwa kuwa udongo uliolowa ukiachwa ghafla na maji huteleza kuelekea bwawani. Tunapokuja kukadiria bei, tunaomba mteja awe ameandika kila wiki muda unaochukua maji ya mvujo kujaza ndoo ya lita 20, kimo cha bwawa siku hiyo, na rangi ya maji baada ya kutulia usiku kucha ndani ya chupa. Tope likionekana chini ya chupa, asisubiri Mei. Aanze kupunguza maji na atupigie siku hiyohiyo.