Aliyepofushwa ndiye anayelaumiwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, ila habari ya lori lililopinduka usiku na kumuua utingo imenishinda kuimeza. Mtaikumbuka. Mwandishi wenu aliimalizia kwa maneno yaleyale ya siku zote, kwamba chanzo ni mwendokasi na dereva kushindwa kulimudu gari. Lakini katikati ya habari hiyohiyo kuna shahidi aliyesema dereva alimulikwa na gari lililokuwa likija mbele yake. Hakuna aliyeufuatilia mstari huo. Gari hilo lilikuwa la nani, lilikuwa na taa gani, lilikwenda wapi, hatukuambiwa.

Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma sehemu kubwa ya maisha yangu. Sasa nina Canter, napeleka nyanya za Ilula soko la Ilala, na nyanya husafiri usiku kwa sababu jua huziivisha njiani na wanunuzi huamka alfajiri. Kwa hiyo ninayoyasema sijayasikia kijiweni.

Mwezi uliopita tulishuka mteremko wa Kitonga salama, tukapita Ruaha Mbuyuni, tukawa tunaitafuta Mikumi. Mbele yetu likaja gari dogo la pikapu, taa zake nyeupe zinazokaribia ubluu, na juu ya kabini limefungwa mkanda mrefu wa taa kama za uwanja wa mpira. Nilimpa ishara mapema, nikapandisha na kushusha taa zangu kama madereva tunavyoombana barabarani, apunguze. Akanijibu kwa kuuwasha na ule mkanda wa juu. Mhariri, sikuona kitu. Sikuona mstari mweupe, sikuona ukingo wa lami, sikuuona hata usukani nilioushika. Nikakanyaga breki kwa kukadiria, nikashikilia usukani palepale ulipokuwa, na hapo ndipo utingo wangu alipopiga kelele: “Mtu! Mzee, kuna mtu!” Nilivuta kulia wakati lile gari likitupita. Kushoto kwetu alikuwa kijana anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, na kioo chetu cha pembeni kikalichana gunia la juu. Baiskeli ikaenda mtaroni. Yeye alibaki amesimama, mikono bado iko mbele kama aliyeshika usukani wa baiskeli ambayo haipo tena. Namshukuru Mungu hakuumia. Tuliegesha, tukaanza kuuokota mkaa kwa tochi ya simu, vipande vingine vimeshasagika kwenye lami, na kijana yule hakutugombeza. Alisema neno moja tu ambalo sijaweza kulisahau: “Mzee, mimi nilijua unaniona. Taa zote zile, nikajua hapa ni mchana.”

Alidhani mwanga ule unamsaidia. Ulimwangaza mgongoni kwa faida ya yule mwenye taa, na kwangu mimi ukamfuta kabisa. Angekufa pale, gazeti lingeandika kwamba dereva wa Canter alishindwa kulimudu gari, mimi ningekuwa rumande Mikumi, na aliyetupofusha angekuwa amelala kwake bila hata kujua kwamba kuna mtu alikufa nyuma yake. Ajali ya namna hii humpata aliyemulikwa, na aliyemulika hasimami.

Watu wanaosema “mzee punguza mwendo” wapige hesabu na mimi. Kikomo chetu sisi wa magari makubwa ni kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata mita 22 kila sekunde. Macho yakipigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudi sawa, na ya mtu mzima huchelewa zaidi, maana lenzi ya jicho huingia ukungu kadiri umri unavyokwenda. Sekunde tatu ni mita 66 za lami unazozipita ukiwa kipofu. Na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha, jambo ambalo kwa abiria ni jema, mita hizo 66 tunazipita mara nyingi zaidi, kila mmoja akimmulika mwenzake.

Naomba pia ieleweke kwamba LED yenyewe, hizi taa nyeupe kali za kisasa, haina kosa. Kosa ni kuichomeka mahali pasipo pake. Taa ya gari la zamani ilichongwa kwa ajili ya balbu ya halojeni. Ndani ya balbu ile kuna waya mdogo ulio mahali maalumu, na kwenye balbu ya H4, ambayo magari mengi hapa nchini hutumia, chini ya waya unaowaka taa zikishushwa kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Kile kioo cha nyuma ya balbu kimepimwa kufuata waya huo. Sasa unakwenda Kariakoo, unanunua LED ya kuchomeka, fundi umeme anatoa balbu na kuiweka hiyo kwa dakika chache. Mwanga wake hauanzii pale waya ulipokuwa, unatapakaa kila upande, juu kabisa kwenye macho ya anayekuja. Mwenye gari anafurahi kwa sababu mbele yake kumekuwa kweupe. Hakuna aliyemkalisha kwenye gari la upande wa pili aone alichokifanya. Mpwa wangu anayeishi Uingereza ananiambia kwamba huko gari dogo lililoundwa kwa halojeni likichomekewa LED halipiti ukaguzi wa mwaka, basi, hakuna mjadala.

Na magari yaliyotoka kiwandani na LED zake halali nayo yana lake. Mengi yameinuka juu, taa zake ziko usawa wa uso wa mtu aliyekaa kwenye gari la chini, na yakipakiwa mzigo nyuma, pua inainuka na taa zinainuka nayo. Mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, cha kuzishusha taa pale gari linapobeba mzigo. Waulizeni wenye magari kigurudumu kile ni cha kazi gani, muone wangapi wamewahi kukigusa.

Kisha kuna malori yenye usukani wa kushoto, yaliyoundwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, na mizigo yao inapita barabara zetu usiku na mchana, siwalaumu. Lakini taa za gari la namna hiyo zimetengenezwa ziinuke kidogo upande wa kulia ili ziangaze ukingo wa barabara ya kwao. Hapa kwetu kulia kwake ndiko tunakotokea sisi. Hata dereva muungwana aliyeshusha taa, anakupiga machoni. Magari ya Uingereza yakivuka kwenda Ufaransa hubandikwa stika kwenye taa kuuziba upande huo. Ni kipande cha plastiki tu. Kwa nini lori lisibandikwe pale Rusumo au bandarini kabla halijaanza safari, mimi sijui.

Nikiwa hapohapo, Mhariri, nisipolisema hili nitakuwa sijasema kitu: matawi. Lori likiharibika, dereva anakata matawi ya miti na kuyalaza barabarani badala ya pembetatu zenye kuakisi mwanga. Tawi bichi haliakisi chochote. Linaonekana pale linapoanza kuvunjika chini ya tairi lako. Mbaya zaidi, lori likishapona linaondoka, matawi na mawe ya kuzuia tairi yanabaki, na usiku unaofuata bodaboda anayavaa. Nyuma ya malori mengi hayo hakuna taa hata moja inayowaka, kutu tupu na tope. Kwa hiyo barabara moja ina magari yenye mwanga wa kupofusha mbele, na mengine hayana hata cheche nyuma. Ukitoka kumulikwa na la kwanza unaligonga la pili. Na pale katikati ya hifadhi ya Mikumi ukiongeza nyati aliyeduwaa kwenye lami kwa sababu naye amemulikwa, nani atakayeweza kulimudu gari lake?

Tumeona trafiki wakivua ving'ora na vimulimuli kwenye magari ya watu binafsi, na nawapongeza. Kimulimuli kinakera. Taa iliyopotoka inaua, na inapita mbele ya askari yuleyule bila kuulizwa, kwa sababu ukaguzi wetu wa taa ni wa kuuliza kama inawaka. Inawaka mno, afande. Tena ukaguzi wenyewe unafanyika saa nne asubuhi, juani.

Ninachopendekeza hakihitaji mkopo wa nje. Kwenye mizani za barabara hii, Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, na nyinginezo, malori na mabasi yanasimama kila siku, wapende wasipende. Kila mizani ijengewe ukuta mmoja, upakwe chokaa nyeupe, na chini uchorwe mstari mita 10 kutoka ukutani. Gari lisimame hapo usiku, taa zikiwa zimeshushwa. Mkaguzi apime kwa futi ya kawaida kimo cha taa kutoka chini, kisha aangalie ukutani ukingo wa mwanga unakatikia wapi. Ukatikie angalau sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Ukipanda juu ya kimo hicho, au ukuta wote ukiwa mweupe bila ukingo wowote, gari lisiondoke mpaka taa irekebishwe palepale. Bisibisi inatosha kwa nyingi. Iliyochomekwa LED mahali pa halojeni, itolewe na balbu yake irudishwe. Magari madogo hayapiti mizani, najua, kwa hiyo ukuta wa aina hiyo uwepo pia kwenye vituo vya polisi vya Chalinze, Mikumi na Ilula, na trafiki wawe na ruhusa ya kuligeuza hapo gari lolote usiku. Mkanda wa taa juu ya kabini usihojiwe hata ukutani, ukatwe nyaya.

Na nyinyi wa gazeti nawaomba kimoja. Mwandishi wenu akimpigia simu kamanda wa mkoa kuhusu ajali ya usiku, na akaambiwa dereva alishindwa kulimudu gari, asikate simu. Amuulize: gari lililokuwa linakuja mbele yake lilikuwa na taa gani, na nani ameshaanza kulitafuta?

Msomaji wenu,
Ilula, Kilolo