Unataka tairi za AT? Hesabu kwanza rafu yako

Swali tunaloulizwa sana hapa dukani Arusha siku hizi ni "AT mnazo?", yani zile tairi za kutembea lami na rafu pia. Mtu ana Prado au RAV4, kaona gari za watalii zimevaa tairi za kashata kubwa, yani vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara, zimependeza, na yeye anataka. Hatukatai kuuza, biashara ni biashara, ila kabla hatujatoa tairi stoo tunakuuliza kwanza, kwa wiki nzima gari yako inakanyaga lami kiasi gani na rafu, yani njia ya vumbi na mawe, kiasi gani? Sema ukweli tu hamna atakayekucheka. Mana kuna mtu anakaa Njiro, kazi yake mjini, rafu yake yote ni kale kakipande ka moramu kutoka lami mpaka getini kwake, sasa huyo AT ya nini jamani? HT, yani tairi ya kawaida ya barabarani, itamtosha kabisa, iko kimya na haitamuongezea mafuta.

AT inaanza kuwa na maana kwa mtu anayechanganya kweli. Mfano anayetoka hapa kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, mpaka geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, yote hiyo ni lami, alafu pale getini lami inaisha, na kutoka hapo mpaka Naabi, geti la Serengeti, ni vumbi, mawe yenye ncha na vile vituta vidogo vidogo vinavyotetemesha gari mpaka dashibodi inalia. HT ikizoea njia hiyo ukiikagua unakuta kingo za kashata zimenyofokanyofoka kama zimetafunwa na panya, na vijiwe vimejibana kwenye mifereji, vingine vinaendelea kuchimba kwenda ndani kidogo kidogo. AT kashata zake zimeachana, zina kina zaidi, na ukichungulia chini kwenye mfereji nyingi zina vinundu vidogo, kazi yake ni kusukuma jiwe litoke kabla halijatoboa.

Tope ni habari nyingine. AT inapita tope la kawaida bila shida, ila udongo mweusi wa mbugani kipindi cha masika, kama ule wa Ndutu, unajaa kwenye mifereji yote mpaka kashata hazionekani, na hapo hata uwe na fo wili unateleza tu. Wanaoshinda kwenye tope wananunua MT, yani tairi za tope. Lakini MT kwenye lami inanguruma balaa na mvua ikinyesha breki zake hazina raha, kwa gari ya kupeleka watoto shule sikushauri hata kidogo.

Sasa kuna kitu watu wengi hawakiangalii, herufi LT, yani tairi za gari ndogo za mizigo. Chukua saizi ya 265/65R17 ambayo Prado na Hilux nyingi zinavaa. Kuna AT imeandikwa saizi hiyo tu, pembeni 112, hiyo ni namba ya uzito, maana yake tairi moja inabeba kilo 1120. Nyingine imeanza na LT265/65R17 na pembeni utakuta mfano 120/117, hapo ni kilo 1400 kwa tairi moja. Mteja akisikia hivyo anasema nipe hiyo kubwa. Subiri kwanza. Kilo hizo zinapatikana ukiijaza upepo mwingi sana, inafika hata psi 80, kwa sababu LT imeundwa kwa ajili ya mizigo, ubavu wake ni mgumu na yenyewe ni nzito. Ukiifunga kwenye gari ya familia inayobeba watu wanne na mabegi, gari inadunda kila tuta, inakuwa nzito kuondoka na mafuta yanapanda. Na ukiijazia upepo uleule wa kwenye stika ya mlango wa dereva haibebi vile inavyotakiwa, LT inahitaji upepo zaidi ya ule kwa mzigo uleule. Hilux ya kubeba simenti, au gari ya safari yenye abiria saba na keria imejaa juu, hao wachukue LT bila kufikiria mara mbili. Wengine AT ya kawaida inatosha. Yokohama Geolandar A/T mfano zipo za aina zote mbili, kwa hiyo usiangalie jina la tairi tu, soma ubavuni.

Kuhusu kupandisha saizi, tunajua 70 inapendeza kuliko 65, hiyo ni namba ya pili ya saizi inayoonyesha urefu wa ubavu. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka milimita 26 hivi, na spidi mita ikikuonyesha 100 kihalisia uko kwenye 103 ukilinganisha na mwanzo. Kwenye gari zingine ukikata usukani mpaka mwisho tairi inasugua plastiki ya ndani ya matigadi. Sisi tunapendelea saizi ya kampuni, yani ile gari ilitoka nayo kiwandani, kama unabadilisha basi tujaribishe moja kwanza tukate usukani kote kote.

Alafu wale wa "nifungie mbili za nyuma, za mbele bado zina hali". Kwa Prado hapana, fo wili yake inafanya kazi muda wote, tairi zikipishana ukubwa ile difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inahangaika safari nzima. Nunua nne, na spea iwe saizi hiyohiyo.

Angalia na umri, hasa kama ni mtumba. Tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho zikiwa 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa lakini raba imeshakauka na kupasuka pasuka, tairi ya hivyo iache hata kama bei inakuvutia.

Ukija, njoo na spea pamoja na gari. Tukishafunga tunafanya balansi na alaimenti, ukitembea kilomita 50 mpaka 100 pita tena tukaze nati, hiyo haina malipo. Baada ya hapo kila kilomita 10,000 tuzungushe za mbele ziende nyuma, mana AT usipozizungusha zinaliwa upande na ndo hapo kelele inaanza.