Kikao cha Jumamosi: saa imebadilika

Assalamu alaikum ndugu na dada zangu.

Kikao chetu kitakuwa Jumamosi hii saa mbili na nusu asubuhi, si saa kumi alasiri tena. Jioni maji yatakuwa yamejaa na njia ya ufuoni haitapitika. Tukutane uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kisha twende pamoja hadi ukingo wa mji, upande wa Shela.

Tutaangalia mchoro wa mtaro mpya: kuta za mawe na chokaa, chini changarawe na mchanga bila saruji, ili maji ya mvua yazame ardhini badala ya kusukuma taka baharini. Mimi nauunga mkono. Visima vinavyonywesha mji wetu viko kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha, mchanga unaichuja na kuitunza. Ndilo birika letu kubwa. Juzi nimekuta mfuko wa saruji umepasuka na kuganda juu ya mchanga ule, na majani yamekufa pembeni. Roho iliniuma sana.

Tunahitaji:
1. Sh 300 kila mmoja kwa mweka hazina, kabla ya Ijumaa saa mbili usiku (kamba, vigingi, maji ya kunywa).
2. Watu wanne wenye futi kamba.
3. Wazee wanaokumbuka maji yalikuwa yakipita wapi zamani. Asiyeweza kutembea aniambie, nitamletea punda.

Tafadhali andika "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi magharibi.